Bi. Geeske na Tufaha Lisilouzwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, saa kumi jioni, Bi. Geeske Dykhouse atakifuta kisu chake kwenye aproni na kukikunja, na kwa mara ya kwanza tangu Machi 1983 hatakuwa na sababu ya kukinoa. Hiyo ni miaka arobaini na miwili katika Kitalu cha Matufaha cha familia ya Boersema, ambako aliajiriwa kwa wiki mbili tu kufunga miche. Wiki zenyewe, kwa hesabu ya ofisi, bado hazijaisha.

Kazi aliyozeeka nayo ni kubebesha. Unachukua kikonyo, yaani kijiti cha tufaha unalolitaka, unakikata mshazari, unakioanisha na shina la mche wenye mizizi, unafunga utepe, unasonga mbele. Bi. Geeske amekuwa akibebesha miche mia tisa kwa siku, akijipimia peremende moja ya kumumunya kila mstari, wala si mbili. Mimi ninayeandika haya, katika siku yangu tukufu kuliko zote, nilifikisha mia tatu, kisha nikalala sakafuni mwa chumba cha kahawa mpaka waliponiruka kwenda nyumbani. Nilitoka kiwanda cha samani, mnisamehe. Kule mti ukinifikia ulikuwa umeshakufa.

Wageni wetu wajue jambo moja. Mche wa tufaha wakati wa kuuzwa hauna jani wala tunda. Ni fimbo tu, na fimbo zote zinafanana. Anayejua ni lebo peke yake. Ukikosea lebo, mteja atagundua baada ya miaka mitano, siku anapong'ata. Ndiyo maana pale chumba cha kahawa pananing'inia Daftari la Makosa. Aliyekosea huandika kosa lake kwa mkono wake, hulisoma kwa sauti saa nne asubuhi, na huwalisha wenzake wote keki ya lozi. Mteja hupelekewa barua ya kuomba radhi na mti sahihi. Bi. Geeske ana makosa matatu katika daftari hilo, na moja analikatia rufaa hadi leo. Yangu sikuyahesabu. Mwenye duka la keki ananiita kwa jina la kwanza.

Sasa niseme kosa langu kubwa, maana bila hilo Bi. Geeske angestaafu zaidi ya miaka mitatu iliyopita.

Familia ya Boersema ina tufaha lake, la Bibi Antje, ambaye alilivusha bahari likiwa vijiti vilivyochomekwa ndani ya kiazi. Tufaha hilo haliuzwi. Hupewa mtu wa familia siku ya ndoa yake, mti mmoja kwa kila ndoa, basi. Mwaka 1998 miche sita iliwekwa kando kwa ajili ya wajukuu. Mimi nikaifunga lebo za Theluji, tufaha la kawaida kabisa, nikaipeleka posta kwa wateja sita.

"Umeuza mti wa nyanya yangu?" aliniuliza Mzee Harm Boersema, mwenye kitalu, mbele ya watu wote.

"Kama Theluji, mzee."

"Basi angalau wamepata kizuri kuliko walichoomba. Keki iwe mbili."

Bi. Geeske akanisukumia kalamu. "Andika na anwani zao, bwana mdogo. Zote sita. Na kwa mwandiko unaosomeka, si hizo nyayo za kuku."

Niliandika, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyeusoma ukurasa ule ila kwa kunicheka.

Kiangazi cha 2021 ukaja ule ugonjwa unaochoma matawi kana kwamba mtu amepita na mwenge. Mti mama wa Bibi Antje ukaenda. Miti ya ndoa ikafuata, kwa sababu watu wa familia hii hawaolewi mbali. Yote ilikuwa ndani ya mwendo wa robo saa kutoka hapa. Kufikia Septemba haukubaki hata mmoja. Mzee Harm alikaa garini akitazama kisiki, asitake kushuka. Mwezi uliofuata ndio Bi. Geeske alikuwa ameomba kustaafu. Alimwendea Tena, binti wa mzee na mkuu wetu wa sasa, akaomba arudishiwe fomu yake ya kustaafu.

"Siondoki kitalu kikiwa hakina mti wake," alisema. Halafu akaniita: "Wewe, lete daftari."

Akapiga simu anwani kwa anwani. Miti mitatu ilikuwa imekatwa baada ya barua yetu ya radhi. Mmoja uliliwa na kulungu. Wa tano umekuwa maegesho ya magari. Wa sita ulikuwa kaskazini, ng'ambo ya daraja, kwa mjane aitwaye Bi. Lempi Ahola, ambaye hapokei simu. Februari iliyofuata mimi na Bi. Geeske tukaenda kwa gari, mwendo wa saa saba kwenye theluji, mimi nikiwa dereva na mshitakiwa.

Mti ulikuwepo, mzima, mkubwa. Bi. Lempi alitupa kahawa na mkate wa iliki, akatusikiliza, akakataa kwamba ni wa Bibi Antje.

"Ule ni Theluji."

"Hapana, mama. Tulikosea sisi," alisema Bi. Geeske.

"Mlikosea mwaka 1998, mnakuja leo?"

"Tuliandika barua."

"Niliisoma. Nikamwambia marehemu mume wangu, hawa watu hawaijui miti yao wenyewe." Akamwaga kahawa nyingine. "Kateni. Lakini mkiwa kwangu mtauita kwa jina lake."

Mnamjua Bi. Geeske. Huyu ni mtu aliyewahi kumsimamisha mchungaji mlangoni mwa kanisa amsahihishe jina la peasi. Nilishika ngazi, nikangoja vita. Alikata vikonyo ishirini, akashuka, akamshika mkono yule mama.

"Ahsante kwa Theluji yako," alisema.

Njia nzima ya kurudi alivipakata vile vikonyo kwenye taulo bichi, na akanikataza kuwasha kipasha joto. Vyote ishirini alivibebesha yeye mwenyewe, bila peremende. Kumi na vinne vilishika. Septemba iliyopita mche mmoja ukazaa tufaha moja, akapelekewa Mzee Harm, mwenye miaka tisini na mmoja. Aling'ata, akakunja uso.

"Chachu kama yeye mwenyewe nyanya," akasema. "Ndilo."

Kesho yake Bi. Geeske akajaza fomu upya.

Hajawahi kuolewa, wala si wa ukoo wa Boersema, kwa hiyo katika miaka arobaini na miwili ameandaa miti ya ndoa ya kila mtu na hakupata wake. Ule ulio kwenye pipa kando ya mlango, Bi. Geeske, ni wako. Mzee Harm ameamua kwamba miaka yote hiyo na kitalu hiki ni ndoa, na kwamba amewahi kuona nyingine zilizokuwa na amani kidogo kuliko hii.

Ahsante kwa kila utepe uliofunga. Mgongo wako upumzike, peremende zisihesabiwe tena, na Agosti, yenye jua na kazi nyingi, ikukute umekaa. Lebo nimeiandika mimi. Tafadhali ikague kabla hujapanda.