Pete Hamsini za Mwalimu Kagendo

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Garissa, nami ni Mutanu, mtangazaji wenu wa kila Ijumaa jioni. Leo sikuchagua wimbo wa kufungulia kipindi. Nilijaribu, nikashindwa.

Tunamkumbuka Mwalimu Kagendo. Mwalimu wa chekechea, Modogashe. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Nasema tena kwa waliowasha redio sasa hivi: Mwalimu Kagendo wa Modogashe hatunaye. Alizikwa wiki iliyopita kwao, Chuka.

Alifika Modogashe miaka tisa iliyopita na sanduku moja la bati. Watu walisema hamalizi muhula. Joto lile, vumbi lile, maji ya kununua kwa mtungi! Akakaa. Darasani alikuwa na watoto wachache Wakristo, wa polisi na wauguzi waliotoka sehemu nyingine za nchi, na wengi Waislamu, wa wafugaji. Kila mwaka, kabla ya shule kufungwa, alikuwa na wiki yake ya Krismasi, kwa sababu Desemba yenyewe huwakuta watoto nyumbani.

Nyota zilikatwa kwenye maboksi ya maziwa. Gundi ilikuwa unga wa ngano uliochemshwa. Mwaka mmoja alibandika ukutani zizi la Bethlehemu, na kondoo wa pamba. Watoto wa wafugaji wakalitazama, wakalikataa. Zizi gani halina ua wa miiba?

"Mwalimu, fisi atakula hii yote," wakamwambia.

Wakatoka nje, wakaokota miiba, wakaibandika kuzunguka zizi. Tangu hapo, zizi la Mwalimu Kagendo lilikuwa na miiba kila mwaka. Nimeliona mwenyewe. Nilicheka sana siku hiyo.

Si kila mzazi alifurahi. Mwaka huu Saynab, mama yake Faiza, alifika mlangoni mwa darasa amekunja uso.

"Mwalimu, hii mtoto yangu unafundisha kanisa?"

"Hapana, Mama Faiza. Nyota ni za watoto wa kanisani. Faiza atatengeneza mnyororo wa karatasi. Mnyororo hauna dini. Ni hesabu tu."

Mnyororo huo ulikuwa na pete hamsini. Faiza ana miaka mitano. Alikata karatasi, akazikunja kuwa pete, akazigundisha, akahesabu hadi hamsini bila kusaidiwa. Mwalimu akamwambia: utundike nyumbani, na kila asubuhi kata pete moja. Zikiisha, itakuwa siku ya Krismasi. Si sikukuu yako, lakini siku hiyo nitakupigia simu nikusalimie. Hiyo ndiyo ahadi, wasikilizaji. Pete zikiisha, simu italia.

Mwenda ni kaka yake marehemu. Aliniambia hivi: "Alifika nyumbani akikohoa. Tukamwambia aende hospitali. Akasema ni vumbi la Modogashe, litaisha. Mama ndiye aliyemlazimisha. Ilikuwa nimonia. Alilazwa siku nne tu."

Siku nne tu. Nakiri nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Habari ilimfikia Saynab kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Ukutani kwake zilikuwa zimebaki pete ishirini. Nilizungumza naye juzi.

"Abaayo, dada yangu, mimi nilishindwa kumwambia," alisema. "Kila asubuhi anakata moja, anacheka, anasema mwalimu iko karibu. Akienda kunywesha mbuzi na shangazi yake, mimi nachemsha unga, nakata pakiti ya sukari, naongeza pete moja."

Saynab yule yule aliyekuja kugomba mlangoni.

Asubuhi ya nne, Faiza alisimama mbele ya mnyororo akigusa pete moja moja. Halafu akamwita mama yake.

"Hooyo, jana ilikuwa ishirini. Nikakata moja. Mbona leo tena ni ishirini?"

Saynab akamvuta karibu.

"Mwalimu hatapiga simu?"

Ni Mwalimu Kagendo aliyemfundisha mtoto huyu kuhesabu. Saynab akakaa chini, akamwambia yote. Walilia pamoja. Kisha Faiza akazitoa mwenyewe zile pete tatu za pakiti ya sukari, akauliza kama mwalimu ana mama. Akaambiwa anaye.

"Basi sisi tutampigia yeye."

"Utamwambia nini?" Saynab akamuuliza. "Huyo mama hajui Kisomali."

"Nitamhesabia kwa Kiswahili mpaka hamsini."

Kwa mama mzazi huko Chuka, kwa Mwenda, kwa walimu na watoto wa Modogashe: poleni sana. Mungu awape nguvu, nasi tunalia pamoja nanyi. Kwako unayenisikiliza, kama una kikohozi unachokiita vumbi, nenda ukapimwe. Na kama kuna mtu uliyemwahidi simu, usingoje sikukuu.

Nilimpelekea Mwenda ujumbe wa Faiza. Akasema mama yao ataishika simu mkononi tangu alfajiri ya Krismasi. Leo asubuhi, wasikilizaji wapendwa, ukutani kwa Saynab zimebaki pete sita.