Vidoti Vitatu Kifuani kwa Soli

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lenye mguu mfupi, limeegemezwa ukutani kati ya banda la fundi viatu na karakana ya kuchomelea vyuma. Sheria zake ni mbili tu: ukiikuta kahawa, kunywa, na ugonjwa ule wa Soli hautajwi. Soli ndiye fundi viatu. Miaka tisa iliyopita alitibiwa saratani ya kifuani kwa mionzi, akapona, na siku aliyorudi wenzake wakapiga marufuku: atakayeutaja ugonjwa huo ataosha vikombe vyote. Hakuna aliyewahi kuviosha kwa kosa hilo. Asubuhi hii Soli alikuwa amejikunja juu ya kiatu, na kifua kilikuwa kinambana kwa siku ya tano. Aliogopa, ila kuogopa mbele ya watu hawa ni kujitafutia jina jipya.

— Sikulala jana, — alisema. — Nikilala chali, kifua kinachoma kama nimepigwa msumari. Nikiinama hivi, kinatulia.

— Kitanda hicho! — alidakia Cheche, mchomeleaji. — Mbao zimepinda, zinausukuma moyo uje mbele. Nitakuchomelea cha chuma.

— Wewe hata mtu akikohoa unamuuzia geti, — alisema Hesabu, mwalimu mstaafu. — Tufikiri kisayansi. Miaka thelathini huyu ameinama. Moyo umezoea kuning'inia. Akilala, haujui pa kukaa.

— Sasa afanyeje?

— Alale ameinama. Afungwe kamba kwenye kenchi ya paa.

— Kamba itakatika. Nitamchomelea kulabu.

Soli alicheka, kicheko kikamchoma, akauficha uso nyuma ya kiatu.

— Si ulikwenda hospitali juzi? — Hesabu alimuuliza.

— Nilikwenda. Nikapewa dawa ya kiungulia.

— Daktari hakukuuliza kitu?

— Aliuliza kama nimewahi kuugua ugonjwa mkubwa.

— Ukamwambiaje?

— Mafua.

Benchi zima likaangua kicheko. Cheche akampa mkono kwa kutii sheria hata ugenini.

— Nimeshajua! — Hesabu akasimama. — Ni gundi. Anaivuta puani kutwa nzima, moyo umegandana na mbavu. Akiinama, unabanduka kidogo.

— Basi tumpitishie msasa, — alisema Cheche.

Hapo akafika dada mmoja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kisigino kikining'inia. Soli alipoinama kukipokea, shati lilifunguka kifungo cha juu.

— Samahani kaka, hivyo vidoti vya bluu kifuani ni vya nini?

Cheche akatazama juu. Hesabu akachungulia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu.

— Vya kuzaliwa, — alisema Cheche.

— Mama yangu anavyo vilevile vitatu. Alichorwa ili mashine ya mionzi isikose mahali. Miaka mingi baadaye akawa halali chali, anakaa ameinamia mto. Kumbe mionzi ya kifuani inaweza kuugusa moyo, na ule utando unaoufunika ukavimba. — Akamkazia macho Soli. — Kaka, daktari wako anajua kwamba ulipigwa mionzi?

Soli aliwatazama wenzake wawili, watu waliompenda kiasi cha kumkataza kusema, akaona hasira na huruma vikimjia pamoja.

— Nilikuwa na saratani, — alisema kwa sauti.

Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, akaanza kukusanya vikombe. Cheche akamnyang'anya.

— Weka hapo! Sheria niliitunga mimi, naosha mimi. Hesabu, mpeleke hospitali sasa hivi. Na huko aseme kila kitu, asituletee tena habari za mafua.

— Na kiatu cha dada? — Soli aliuliza, pumzi ikikatika.

— Nitakichomelea.

Dada akakinyakua kiatu chake upesi, akavua na kile kingine, akamshika Soli mkono mmoja, Hesabu wa pili. Wakaondoka polepole, Soli katikati ameinama, Hesabu akimweleza dada mambo ya gundi.

Cheche alibaki peke yake na vikombe vitatu. Aliviosha, akavifuta, akatazama kona walikopotelea. Kisha akaviosha tena.