Hatupandi: Risala ya Wagonjwa wa Magoti kuhusu Mashine ya Ghorofa ya Pili

Mgeni rasmi, uongozi wa hospitali, madaktari, wauguzi, na ninyi jamaa zetu mliotushika mkono mpaka hapa,

Ulipoingia, mshereheshaji alisema, "Tusimame kumpokea mgeni wetu." Hatukusimama. Si utovu wa adabu, wala hatukupitiwa. Kwa wengi wetu kusimama ni shughuli ya kushikwa kwapa na kuuma meno. Wachache wanaoweza walikaa makusudi, ili wenzao wasionekane peke yao. Karibu sana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumekusubiri kwa maana hiyo hiyo.

Tuliambiwa risala iwe fupi na tamu. Fupi itakuwa.

TULIKOTOKA

Sisi ni wagonjwa ambao magoti yetu yamekwisha, tunasubiri kuwekewa ya bandia. Mimi ninayesoma nilikuwa dereva wa lori. Goti la kushoto nililimalizia kwenye klachi. Tunaye mwashi, tunao walimu, tunaye mama aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni. Tulijuana kwenye benchi la kliniki, kwa kuulizana nani anauma zaidi.

Umoja wetu ulizaliwa baada ya mwenzetu, mpishi wa shule, kuwekewa goti jipya bila mifupa yake kupimwa. Wakati ule mashine haikuwepo. Goti lilikuwa zima, linang'aa. Mfupa ulioshikilia goti ndio uliokuwa umechoka. Ulipasuka siku moja akiwa anavaa kiatu. Mpishi yupo hapa, kwenye kile kiti cha magurudumu, na ametukataza kumwonea huruma. Tangu hapo daktari wetu bingwa ana neno moja: "Sikati mtu kwa kudhani." Mgonjwa apimwe kwanza. Mfupa ukionekana laini, aanze dawa za kuuimarisha, ndipo goti lifuate. Daktari yuko sahihi, na tunamuunga mkono mbele yako.

MAFANIKIO

Tuliipigia kelele mashine ya kupima mifupa mpaka ikaja. Siku ilipowasili tulipiga vigelegele hadi muuguzi mkuu akatoka kutunyamazisha, akaishia kupiga na yeye. Unalala kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako bila kukugusa, na mfupa unaeleza hali yake. Sindano hakuna, maumivu hakuna.

Pia tunafanya mazoezi ya mapaja pale benchini kila siku ya kliniki. Wapita njia wanatucheka. Wacheke tu.

CHANGAMOTO

Tunayo moja. Mashine imewekwa ghorofa ya pili, na lifti ya jengo hili ipo kwenye mchoro tu.

Mgeni rasmi, tunaomba uirudie hiyo moyoni: mashine ya watu wasioweza kupanda ngazi imewekwa juu ya ngazi. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba kule juu kuna hewa safi na panawapendeza wageni. Kila asubuhi mtaalamu wa mashine hushuka, anaita majina, nasi tunaitika, "Tupo!" Anatutazama, tunamtazama, kisha anapanda peke yake. Hatumlaumu.

Walijaribu kutubeba. Walinzi walitupandisha kwa zamu mpaka mmoja akateguka kiuno kwenye kona. Sasa naye ni mgonjwa, ila foleni yake ni nyingine.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipochoka. Huyu ni fundi wetu wa nguo, na mapazia ya chumba cha mashine ameyashona yeye. Walinzi walipomfuata, alisema, "Mimi sibebwi kama gunia, wanangu. Mapazia yangu yamepanda, na mimi nitapanda." Akakaa kwenye ngazi, mkoba mapajani, akaanza kupanda kwa makalio, kinyumenyume. Alipofika kwenye kona aliegemea kiganja ajiinue, na mkono ukavunjika. Hakuanguka. Aliegemea tu. Machozi yakimtoka, akasema, "Haya, mwambieni daktari mfupa umejipima wenyewe."

Tulicheka, kisha tukaona aibu, kisha tukakasirika. Hasira hiyo bado tunayo. Maana daktari bado anataka kipimo kamili, na hawezi kuanza dawa kwa kichekesho cha mgonjwa. Kila mwezi unaopita dawa haijaanza, goti lake la pili nalo linakwenda, na cherehani yake ya kanyagio imefunikwa shuka.

OMBI

Wengine wakiomba hupiga magoti. Sisi hatuwezi, na hata tungeweza tusingepiga.

Hatuombi mashine nyingine. Hatuombi lifti. Tazama kushoto kwako, ule mlango mpana. Chumba kile kinatunza viti vya wageni, pamoja na hicho ulichokalia. Mtaalamu amekikagua, anasema kinafaa: kuta ni nene na umeme upo. Viti vipande juu, mashine ishuke. Viti vina miguu minne kila kimoja, na hakuna hata mmoja unaouma.

Tumeambiwa mara nyingi kuwa mvumilivu hula mbivu. Zetu zimeoza tukizitazama.

MWISHO

Ratiba inasema baada ya risala hii utapanda kukata utepe wa uzinduzi. Ngazi za kupandia ndizo hizi tulizokalia, na nyingine hakuna. Hatuna ubaya na wewe. Kwetu sisi hospitali inaishia hapa, basi tumekaa inapoishia. Ukitaka tukupishe itabidi tusimame, na habari ya kusimama tumekwisha kukueleza.

Utepe utakatwa siku mashine itakapokuwa nyuma ya ule mlango mpana, na wa kwanza kulala kitandani atakuwa Mama Cherehani. Yuko ngazi ya chini kabisa, mbele yako. Amekuja na mkasi wake, na mkono mmoja mzima anao. Mpaka siku hiyo, hatupandi na hatuondoki.

Mungu akulinde, akujalie magoti ya kukufikisha uzeeni. Na yakija kuchoka kama yetu, tunakuombea kwa moyo mmoja upimwe ghorofa ya chini.

Ni sisi, tulioketi,
Umoja wa Wanaosubiri Magoti