Nilikuwa Nafua Bila Kujua Namfulia Nani

Shikamooni wakubwa wangu, na wenzangu salaam. Wa msikitini na wa kanisani, nyote mliofika leo kwenye kikao chetu hiki cha kusikilizana, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Jina la mtu sitalitaja, na kampuni nayo naiacha. Mkiniona nasokota ncha ya kanga hii nisameheni, mikono yangu haijui kutulia.

Mimi ni mtu wa Mute, kijiji cha hapa Palma. Kabla ya vita nilikuwa na shamba la mihogo, na mpunga kidogo bondeni. Kilimo ni kigumu, mnakijua, lakini ukichimba muhogo unamjua atakayeula. Tulipokimbia, mume wangu tulipotezana njiani, na mpaka leo sina habari zake. Mimi na watoto tulifika kijijini Nhica kwa dada yangu, akatupokea. Hali ilipopoa nikarudi huku Palma, nikapata kazi Afungi, ndani ya uzio wa mradi wa gesi, kwenye lavandaria, pale zinapofuliwa nguo za wafanyakazi. Watu wakaniambia nimebahatika. Nami nikasema alhamdulillahi.

Ndugu zangu, nawaambia, haikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mashine ndiyo inafua. Sisi tunafungua magunia, tunatia ovaroli, tunatoa, tunakausha, tunakunja, tunafunga magunia mengine. Yanaingia mlango huu, yanatokea mlango ule. Wenye nguo hatuwaoni. Tunawasikia tu siku nguo ikiwa na kasoro, msimamizi wa zamu anapokuja kutugombeza. Na mle ndani mimi nilikuwa namba. Hata wenzangu tuliokuwa tukikunja pamoja, wengine sikuwajua majina.

Nikaanza kuharibika. Nikirudi nyumbani nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Nakaa, nainuka. Natoka mpaka barabarani, nasimama, narudi, bila kujua nilifuata nini. Watoto wakawa wananiogopa. Dada yangu alikuja kunitembelea, akaniangalia, akauliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia sijagombana, nimechoka. Akasema kuchoka anakujua yeye, na aliyechoka hulala.

Nikaamua kuacha. Niwapeleke watoto kwa dada, mimi nivuke Ruvuma niende Mtwara nikatafute chochote, sijui nini. Miguu ilitaka kwenda tu. Mnacheka, lakini humu mpo mnaoijua hali hiyo.

Shefe wetu, yaani mkubwa wetu wa lavandaria, alikuwa mama wa Kimakonde, mtu wa maneno machache. Nikamfuata, nikamwambia naomba kuacha kazi. Akadhani ni mshahara. Nikasema siyo. Akadhani kuna mwanamume ananisumbua. Nikasema hata hilo siyo.

"Basi ni nini, mwanangu?"

"Sijui namfulia nani, mama. Naona kama najaza maji kwenye pakacha."

Aliniomba nisubiri kidogo kabla ya kuondoka, kisha akaenda kwa wakubwa kuomba ruhusa atupeleke tukaone nguo zinakokwenda. Wakamkatalia. Walisema ni kupoteza muda, na kule kuna hatari. Akarudi kuomba tena, na tena, mpaka nadhani walimchoka, wakatoa gari.

Tukafika karakana ya wachomeleaji. Kelele, cheche zinaruka kama mchanga. Ovaroli zetu nikaziona zina watu ndani, nikashtuka, sijui kwa nini nilishtuka. Kijana mmoja akazima chombo chake, akaja, akatukunjia mkono wa nguo. Ngozi yake kuanzia kiwikoni imejikunyata. Akasema nguo ikibaki na mafuta, cheche ikidondoka moto unashika, na siku alipoungua alikuwa amevaa nguo ambayo haikutakata.

"Nilidhani zinafuliwa na mashine tu," akasema. "Nyinyi mnaitwa nani?"

Tukajitaja mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikataja langu, jina, siyo namba.

Msidhani nilirudi nimetulia. Ndiyo kwanza nikazidi kuhangaika. Garini nikaiangalia mikono yangu. Najiuliza, nguo ile ilipita mikononi mwa nani? Yangu? Hilo sitalijua.

Baada ya hapo nikawa kila ovaroli nainusa, naipapasa kifuani na mikononi. Asubuhi moja nikakuta kadhaa zimetoka kwenye mashine na bado zinateleza kwa mafuta. Nikaziweka kando. Msimamizi wa zamu akaniambia nifunge gunia, gari linasubiri.

Nikamwambia, "Hizi haziondoki. Zina mafuta."

Akasema kazi yangu ni kukunja. Ndugu zangu, nikasimama mbele ya zile nguo. Nilijua naweza kutolewa getini siku hiyohiyo na nisirudi. Lakini sikusogea. Akamwita shefe. Yule mama akaja, akaichukua nguo moja, akaipeleka puani, akamgeukia msimamizi.

"Akisema haziondoki, haziondoki."

Zikarudi kwenye mashine, gari likangoja. Tangu hapo ikawa kanuni: yeyote kati yetu anaweza kuzuia nguo, na hakuna wa kumfokea. Tukaomba tuitwe kwa majina, tukakubaliwa. Yule kijana na wenzake huja siku moja moja kutueleza ipi imefaa na ipi imekataa kutakata.

Sitawadanganya kwamba nimepona kabisa. Mume wangu bado sijamwona, na bado kuna jioni nafagia ua mara mbili. Lakini Mtwara sikwenda. Watoto wako nami, na wameanza tena kunitania.

Namshukuru dada yangu, aliyeona mapema kwamba huu siyo uchovu. Namshukuru mama yule aliyeomba na kuomba. Namshukuru kijana wa karakana. Na nyinyi, mlionisikiliza hapa kabla sijaweza kusema hata nusu ya haya, Mungu awalipe.

Sasa niwaambie ninyi mlioajiri watu, maana mpo, mna mikahawa na vyerehani. Msidhani mkimlipa mtu mmemaliza. Wewe mama mshonaji, una binti anakushonea nyuma ya pazia kutwa nzima. Mteja akija kuchukua gauni lake, mwite binti aje mbele. Akae amwone mtu akilivaa.