Bi Candida na Faili Tuliloinyima Mashine

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mbili katika karakana yetu ya kompyuta hapa mtaa wa Gerezani, Bi Candida Nambunga anastaafu. Uongozi umeniomba niandike wasifu "wa kuchangamsha." Nitajitahidi. Ningechangamka zaidi kama uongozi huohuo usingenipa onyo kwa sababu ya laptop moja iliyomo kabatini, lakini hilo tutalifikia.

Bi Candida alikuja kutoka Ndanda, akaanza kama mpokeaji wateja. Aliyemvuta kwenye meza ya ufundi ni marehemu Mzee Abdulkadiri, mtoto wa Kariakoo na fundi wetu mkuu wa kwanza. Kazi ni ileile mpaka leo: laptop za mitumba zinakuja zimechoka, tunazifuta, tunazipandishia mfumo wa Linux, shule na maduka wananunua.

Kwa ndugu zetu wa idara za masoko na usafiri wasiojua: ukipandisha Linux, mara nyingine zoezi husimama katikati. Kadi ya Wi-Fi haiamki bila programu yake ndogo, mafundi tunaiita famwea, nayo haimo kwenye diski. Basi mashine inataja jina la faili inalolitaka, herufi na tarakimu kama namba ya gari, halafu inauliza kama unalo. Fundi mwenye haraka anabonyeza Hapana, kesho mteja anarudi analalamika kwamba haoni intaneti.

Bi Candida hakuwahi kubonyeza Hapana. Alivaa shingoni flashi nyekundu yenye famwea za kila kadi iliyowahi kupita hapa. "Mashine ikikutajia jina, ipe," alikuwa akitufundisha. Katika kila mashine mia alizopandisha, zilizorudi hazikufika mbili. Zangu mimi zilikuwa tisa. Nilizihesabu mwenyewe, na jibu sikulipenda.

Tutamkumbuka kwa korosho alizorudi nazo kila likizo, na kwa vita yake na Bryson wa meza ya pili juu ya sauti ya redio. Akiwa amechelewa, kosa lilikuwa la kivuko, pantoni ya Kigamboni pale Magogoni. Pantoni haikuwahi kujitetea.

Sasa, lile ambalo wote tunalijua na hakuna aliyetaka kuliandika.

Mwaka 2014, wiki ya mwisho ya Mzee Abdulkadiri kazini, mchana kweupe, laptop moja iliomba famwea ya kawaida, ikapewa. Ikasimama tena. Ikaomba faili jingine: abdulkadiri. Herufi ndogo, bila tarakimu hata moja.

Tulicheka mpaka wauza vipuri wa nje wakachungulia. "Bryson, acha utoto," Mzee akasema. Bryson akaapa kwa mama yake. Bi Candida, kwa desturi yake, akatengeneza faili tupu, akalipa jina hilo, akachomeka flashi, akabonyeza Ndiyo. Mashine ikalipokea, ikaendelea na kazi.

"Haya, nimeshapakiwa," Mzee akatutania. "Mtakayemuuzia, ndiye amenichukua."

Siku tuliyopanga kumuaga kwa pilau, tulikwenda kumzika. Moyo, walisema hospitali. Laptop ile ilikuwa imeshauzwa.

Tangu hapo Bi Candida hakuiacha desturi yake, ila mbele ya skrini inayoomba faili hakucheka tena. Kila jina alilisoma kwa sauti kwanza, taratibu, kama mtu anayeita wagonjwa dirishani.

Mwezi huu imekuja laptop nyingine, ya mtengenezaji mwingine. Diski niliipakua upya mwenyewe na kuihakiki. Tarakimu zote za uhakiki zililingana na za watengenezaji wake. Nasema hivyo kwa wale watakaouliza nani alichezea. Ikapewa famwea ya kadi yake. Ikasimama tena. Bi Candida akafungua mdomo asome, akaufunga.

Iliomba candida.

Redio ilikuwa inaimba, Bryson akaizima bila kuambiwa.

"Bryson?" Bi Candida akauliza, kwa sauti ndogo.

"Haki ya Mungu dada, si mimi. Na ile ya Mzee nayo haikuwa mimi."

Bi Candida akaanza kuivua flashi shingoni. Nikaushika uzi.

"Acha, dada."

"Miaka yote nimezipa kila zilichoomba. Nianze uchoyo mwezi wa kuondoka?"

"Anza."

"Na mteja je?"

"Mteja atapewa nyingine. Candida mwingine hatuna."

Akauachia uzi. Nikabonyeza Hapana. Skrini ikauliza tena. Nikabonyeza Hapana.

Laptop hiyo inafanya kazi vizuri, isipokuwa haijauona mtandao hata mmoja, hapa Gerezani ambapo hata muuza kahawa ana Wi-Fi. Meneja, ambaye mwaka 2014 hakuwepo, anasema niipandishe upya iuzwe. Nimeipandisha upya mara tatu. Mara zote imeuliza jina lilelile, na mara zote nimeijibu vilevile. Onyo nimelisaini.

Bi Candida, mafundi kumi na wanne wamepita mikononi mwako na kumi na mmoja wanakula kwa kazi hii hadi leo. Asante kwa niaba yao. Kamati ya kukuaga imekununulia cherehani, maana umesema utashona sare za shule huko Kigamboni. Kumbuka kula, kumbuka kupima moyo.

Flashi nyekundu umeniachia mimi. Nimeikagua faili kwa faili. La Mzee Abdulkadiri limo. La kwako halimo, wala halitakuwamo.

Tunakutakia maisha mema, dada, na marefu kupita kawaida. Jana nilipowasha laptop ya kabatini iliuliza tena. Jibu letu halijabadilika.