Milango Yote ya Kijiji

Kwanza abiria walisikia mtu akihema, kama aliyepandisha gunia la mahindi mlima mzima. Kisha akaingia ndani ya basi mtoto mnene, Eliakimu, na nyuma yake bibi yake Efrazia, kifua mbele.

"Shikamoo, bibi," alisema kijana wa dirishani. Alijitambulisha: Didas, mtu wa saikolojia kutoka chuo kikuu, anachunguza watoto wanene na maisha ya familia zao.

"Marahaba. Jana mlitafuta waliokonda, leo mnatafuta walionenepa?"

"Anahema sana, bibi. Huwa anakula na nani?"

Efrazia hakulitegemea swali hilo. Watu wa hospitali huuliza mtoto anakula nini.

"Na kijiji kizima!" alijibu kwa majivuno. "Zamani nyumba zetu zilikuwa mbali mbali. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa tumepangwa mstari mmoja, na huyu hana mama. Akipita mlangoni, nani atamnyima?"

"Basi wanamlisha huzuni yao juu ya mama yake."

"Wanamlisha ugali na maziwa, ndugu mtaalamu! Huzuni hainenepeshi mtu."

Abiria wakacheka, na Didas akacheka nao. Efrazia peke yake hakucheka. Alikuwa anasikiliza mjukuu wake anavyovuta pumzi.

Basi likasimama Gitting, kijijini kwao. Vumbi halijatulia, mwanamke akaita kutoka mlango wa kwanza, "Eliakimu, njoo unywe maziwa!"

Efrazia akamshika Didas mkono. "Shuka nasi. Leo utakula kila anachopewa huyu, mlango kwa mlango. Ukimaliza ukiwa bado umesimama, utarudi kwenu kimya. Ukishindwa, nakuahidi mbele ya watu hawa wote, nitakusikiliza unachosema juu ya mjukuu wangu."