Chai ya Mzee Ogada

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Mwenyekiti wa Chama cha Waajiri wa hapa Viwandani, Bi. Mkuu wa chuo cha ufundi, Pasta, wateja wetu mliotoka Subukia, Kabazi na Gilgil, na nyinyi vijana wa chuo mlioketi nyuma mkitazama sufuria za pilau badala ya kunitazama mimi: hamjamboni nyote?

Nimeombwa nizungumze kwa ufupi. Aliyeniomba ni Mwenyekiti, na ninaona ameketi karibu kabisa na mlango. Mwenyekiti, mlango huo nimeufunga mimi mwenyewe, na ufunguo uko hapa mfukoni. Starehe tu.

Kwa wasionijua, naitwa Celestine Kibii, na karakana hii mlimoketi ni yangu. Hapa tunafunga upya mota zilizoungua: za pampu za maji, za mashine za kusaga unga, za mashine za kukatia ng'ombe nyasi. Kwa miaka mingi, mota yoyote iliyoletwa hapa ilimsubiri mtu mmoja tu. Mtu huyo ndiye tunayemuaga leo, Mzee Nicodemus Ogada, yule pale aliyevaa suti aliyonunua kwa harusi ya kijana wake. Jumamosi anasafiri kwenda kupumzika nyumbani kwao Ugenya, na tangu nijue tarehe hiyo mimi usingizi wangu umekuwa wa mashaka. Nitawaeleza kwa nini.

Kazi yetu ina hatua nyingi. Unatoa waya iliyoungua, unahesabu mizunguko yake, unasuka mpya, unaipanga kwenye mifereji ndani ya mota. Hayo yote Mzee aliwafundisha wanagenzi wake kwa moyo mkunjufu. Lakini mwisho kuna hatua ya kuunganisha ncha za waya, na hapo ukikosea, mota inanguruma na kutoa moshi, ama inazunguka kinyumenyume. Je, nani aliwahi kumwona Mzee Ogada akiunganisha ncha? Kila alipofika hapo alivua miwani, akanyoosha mgongo, akasema, "Kijana, hebu nikimbilie chai pale kwa Mama Natasha." Kijana akirudi na kikombe anakuta ncha zimeunganishwa, zimefungwa uzi, na Mzee anapaka vanishi huku akipiga mluzi.

Wanagenzi wengi wamepita hapa, na wameondoka wakiijua chai kuliko mota. Mmoja wao, Kimeli, ana hoteli ya chai kule Gilgil. Biashara inaenda vizuri sana, na kila tukikutana hunishukuru kwa mafunzo.

Waajiri wenzangu, mnacheka, lakini sikilizeni. Mwaka fulani Mzee alienda kwao kumzika shemeji yake, na huku nyuma ikaletwa mota ya mashine ya nyasi ya Mzee Kiplangat wa Kabazi. Vijana waliokuwepo wakaunganisha ncha kwa kubahatisha. Jioni simu ikalia. "Mama, hii mashine naipatia nyasi ya nepia, inanirudishia." Nikamuuliza, inarudisha aje? "Inatema! Na ng'ombe wamesimama hapa wananiangalia kama mimi ndio nimekosea." Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba sina karakana. Nina Mzee Ogada, na Mzee Ogada ana presha.

Ndipo akaja Fancy Chepkemboi, yule mama aliyevaa ovaroli ya buluu. Siku za kwanza alitumwa chai kama wenzake. Halafu asubuhi moja akaingia kazini na chupa ya chai kubwa, zile za mikutano ya kina mama kanisani. Mzee akafika kwenye ncha. Akavua miwani. "Fancy, hebu nikimbilie chai." Fancy akamimina papo hapo. "Hii haina tangawizi." Fancy akatoa tangawizi mfukoni. "Na mandazi je?" Akafunua kitambaa, mandazi hayo, bado ya moto. Mzee akatazama huku, akatazama kule, akasema, "Basi nenda uangalie kama mvua inakuja." Fancy akainua macho kwenye lile tundu la bati ambalo nilikuwa nimeahidi kuliziba tangu zamani, akasema, "Haiji, Mzee."

Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nimejiziba mdomo. Mzee alikunywa kikombe chote, polepole, kama mtu anayengoja kuokolewa. Kisha akaangalia chini na kusema, "Haya, sogea."

Mnataka kujua mwajiri anafaidika nini akichukua mwanagenzi? Mimi sina hotuba ya vitabuni. Nitawaambia nilichokiona. Mzee alipoanza kueleza kazi kwa mdomo, mota za kurudishwa zilipungua, kwa sababu mtu akimweleza mwenzake anachofanya, husikia mwenyewe pale anaporuka. Mota ya Kabazi ikiungua siku hizi, Fancy hutumiwa picha kwa simu, na kabla haijafika Nakuru waya yake iko tayari mezani. Na mwezi wa Desemba uliopita nilienda likizo, mimi, Celestine, nikazima simu! Mume wangu alidhani naumwa.

Najua lile lililo midomoni mwenu. "Nikimfundisha ataondoka, afungue karakana yake." Ndiyo, wapo watakaoondoka. Elphas, aliyejifunza hapa baada ya Fancy, aliondoka, amefungua yake karibu na barabara ya kwenda Olkaria, na kila mota inayomshinda ukubwa anaileta wapi? Ananiletea mimi. Mshindani gani mwingine hapa mjini ananitafutia wateja?

Lakini nisiwafiche. Siku moja nilimuuliza Mzee Ogada kwa nini alikuwa anawatuma watu chai. Hakucheka. Akasema, "Madam, baba yangu alifundisha kijana kazi kiwandani hapa hapa mjini. Kijana alipojua, baba akaambiwa asante, nenda nyumbani. Tulilala njaa, madam." Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hadi leo. Kwa hivyo, kabla hujampa fundi wako mwanagenzi, mhakikishie kwanza kwamba ugali wake uko palepale. Fundi anayeogopa hatafundisha, hata umletee profesa.

Nakumbuka nilimhakikishia, naye akafungua moyo. Karibu moyo wote. Kile kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe mezani pale mbele, ambacho Pasta amekuwa akikitazama kwa upendo tangu afike, si keki. Samahani, Pasta. Ni mota ya pampu ya kisima cha Kabazi, na watu wa Kabazi wanachota maji mtoni hadi ipone. Mota kubwa za namna hiyo Mzee hajamfundisha mtu. Iliyotangulia ilipoletwa, alimtuma Fancy mpaka Gilgil kununua karatasi ya kukingia waya, na karatasi hiyo ilikuwa hapa rafuni, nyuma ya kichwa chake.

Na wewe Fancy, usicheke. Juzi nilipita hapo nyuma ukiwa umefika kwenye ncha, nikakusikia kwa masikio yangu ukimwambia Becky, mwanagenzi wako, "Dada, hebu nikimbilie chai." Mnaona? Ugonjwa huu unaambukiza!

Ndiyo sababu, Mheshimiwa, utepe utakaoukata leo si wa jengo. Ni wa ile meza ya chai pale pembeni, ndani ya karakana hii, yenye birika la umeme, tangawizi, mandazi na kila kitu. Kuanzia leo hakuna mtu atakayetumwa nje. Mama Natasha, pole, lakini utatuuzia mandazi.

Mheshimiwa, Mwenyekiti, wageni wetu, nawashukuru kwa kunivumilia. Waajiri, vijana wale kule nyuma kila mmoja anahitaji fundi wa kusimama naye, na hakuna mwajiri atakayepewa pilau kabla hajachagua kijana wake. Ufunguo, kumbukeni, ninao mimi.

Na wewe Mzee Ogada, mwalimu wangu na ndugu yangu. Kiti chako hakitakaliwa na mtu. Ukija Nakuru, kazi ipo, na mshahara wa kufundisha upo, nasema mbele ya mashahidi hawa wote. Hakuna atakayekuambia asante, nenda nyumbani. Unaenda kwa kupenda kwako, na unarudi kwa kupenda kwako.

Sasa toa kitambaa, Mzee. Waya ziko tayari, zimebaki ncha. Chai hiyo mkononi mwako ina tangawizi. Mandazi hayo hapo. Tundu la bati nililiziba jana, kwa hivyo mvua haituhusu. Fancy, simama kulia kwake. Becky, simama kushoto. Asanteni sana, na mtu yeyote asitoke.